Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Siku ya kuvunja kikoba, Fukayosi, Desemba 2019, fedha zilikwisha kabla ya watu.

Mama mdogo alinipigia simu saa kumi jioni. Nilimwamkia, hakuitikia. Alisema walikuwa wameketi chini ya mwembe tangu asubuhi. Walifungua sanduku, wakahesabu mara mbili mbele ya wanachama wote: shilingi 10,800,000. Karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta nayo ilisema vivyo hivyo, chini kabisa: jumla, 10,800,000. Watu wakapiga makofi. Mgao ukaanza. Aliyeitwa alipokea alichoandikiwa, akaweka sahihi au dole gumba, akarudi kwenye mkeka. Alipomaliza kupokea mtu wa ishirini na tano, sanduku lilikuwa tupu. Walibaki wanawake wawili, kila mmoja ameandikiwa 600,000.

"Milioni moja na laki mbili, mwanangu. Imepitia wapi, na sote tulikuwa tunatazama?"

Mweka hazina alikuwa yeye. Fedha zote zilipita mikononi mwake. Nilitaka kumwambia amwombe katibu afungue faili la Excel, waangalie fomula zilivyokokotoa. Kabla sijafungua mdomo nikakumbuka kwamba faili lile limefungwa. Fomula zake zimefichwa, hazionekani wala hazibadiliki bila pasiwedi. Pasiwedi niliiweka mimi, miaka sita nyuma, na sikuwa naikumbuka.

Yeye alikuwa ameshafika hapo kabla yangu. "Wanasema kompyuta ni ya mtoto wake na ufunguo anao mtoto wake," alisema. "Njoo kesho."

*

Fukayosi iko upande wa bara wa mji wa Bagamoyo, kwenye barabara ya kwenda Msata, ukishavuka mto Ruvu na kabla hujafika Kiwangwa kwenye mananasi. Wasafiri wa karne ya 19 waliuita mto huo Kingani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliuvuka, na ile iliyorudi na pembe za ndovu iliuvuka tena. Mji wa Bagamoyo uliishi kwa misafara, na misafara iliishi kwa kuandika. Sewa Haji, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1897, alipata utajiri wake kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa. Huwezi kufanya kazi hiyo bila kuandika nani kabeba nini, nani kalipwa na nani anadaiwa. Maneno yenyewe tunayotumia hadi leo kwa shughuli hiyo yaliingia kupitia pwani, kwa Kiarabu: hesabu, daftari, hazina, sanduku, kufuli.

Katika madaftari yale watu wa vijiji vya bara ya Bagamoyo, Wakwere, Wazaramo na Wadoe, walikuwa zaidi upande wa wanaoandikwa. Wachache sana walikuwa upande wa wanaoandika. Nalitaja hili kwa sababu, kwa wanawake wa Fukayosi waliokwenda shule miaka michache au hawakwenda kabisa, daftari la kikoba lilikuwa jambo kubwa. Lilikuwa daftari lao. Jina lako limo kwa sababu umeweka, si kwa sababu unadaiwa.

Mtindo wa kikoba una safari yake. Upatu ulikuwepo siku nyingi: mnachanga, mmoja anachukua, mnachanga tena, mwingine anachukua. Mwaka 1991, nchini Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini kwa mpango uliopewa jina la Kihausa, Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Tofauti yake na upatu ni kwamba fedha hazigawiwi papo hapo. Zinawekwa kama hisa, zinakopeshwa kwa wanachama wenyewe kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka kila mtu anapata hisa zake pamoja na faida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo huo ulifika Zanzibar, kwa wanavijiji wanaouzunguka msitu wa Jozani. Upande wa bara ukaenea kwa jina la VICOBA, na jina hilo tukalimeza likawa la kwetu: kikoba, vikoba, kuvunja kikoba.

Pamoja na mtindo likaja sanduku. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku analitunza mweka hazina, funguo wanazo wanachama watatu wengine, kila mmoja wake, nao wasitoke nyumba moja. Fedha haziwezi kuonekana na jua mpaka watu wanne wakutane mahali pamoja mbele ya kikundi. Sanduku la kikundi chao nililiona utotoni chini ya kitanda cha mama mdogo. Nilidhani kufuli tatu ni kwa ajili ya wezi. Yeye ndiye aliyenifafanulia kwamba mwizi hubeba sanduku lote, hana haja ya ufunguo. "Hizi kufuli ni zetu sisi kwa sisi," alisema, "ili tusije tukashukiana."

Kulikuwa na kinga nyingine, isiyoshikika kwa mkono. Mwisho wa kila mkutano mwenyekiti aliuliza, "Sanduku lina ngapi?" na wote wakajibu kwa pamoja. Mkutano uliofuata haukuanza mpaka wamelitaja tena lile jibu. Kila mwanachama alikuwa pia na kitabu kidogo, na kila hisa ilipigwa mhuri ndani yake. Asiyejua kusoma alihesabu mihuri.

*

Mwaka 2013 nilimaliza kidato cha sita. Nilikuwa nyumbani Fukayosi nikisubiri chuo, nimesoma kompyuta kidogo, na nilijiona mtu wa maana. Niliangalia wanawake wakikaa saa nne nzima wakihesabu mihuri nikaona aibu kwa niaba yao. Katibu wao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kompyuta ya mitumba yenye Excel ya mwaka 2007. Nikawatengenezea faili.

Lilikuwa faili zuri, sitalikana. Safu ya majina, safu ya hisa, safu ya mgao. Unaandika hisa, kompyuta inajumlisha, inagawanya fedha zilizopo kwa idadi ya hisa, inapata thamani ya hisa moja, kisha inampigia kila mtu chake. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika mbili. Wanachama walikuwa ishirini na tano, nikatengeneza mistari ishirini na tano. Siku ya mwisho nikafikiri, je, wakiongezeka? Nikaburuta mistari mitano zaidi chini.

Kisha nikafunga. Niliacha wazi visanduku vya majina, vya hisa na cha fedha zilizohesabiwa, vingine vyote nikavifungia na fomula nikazificha. Sababu yangu ilikuwa kwamba mtu asije akabonyeza vibaya akaharibu. Ukweli mwingine ni kwamba nilipenda liwe langu. Nilichagua neno, nikalirudia mara mbili kama programu inavyotaka, na sikumwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza. Ndani ya mwaka mmoja wakaacha vitabu vya mihuri, kwa nini kupoteza wino? Na ile kusema kwa sauti, "Sanduku lina ngapi?", nayo ikafifia. Kompyuta ilikuwa inasema.

*

Nilifika jioni ya siku ya pili. Daladala ya Makumbusho hadi Bagamoyo, kisha gari la Msata. Njia nzima nilikuwa najaribu maneno kichwani: jina la timu yangu, jina la binti niliyempenda kidato cha sita, mwaka wa kuzaliwa wa mama. Nilipokabidhiwa kompyuta nyumbani kwa katibu niliyajaribu yote. Programu ilijibu kila mara kwa sentensi ileile kwamba pasiwedi si sahihi. Nje uani walikuwa wamekaa watu kama kumi. Nilimsikia mmoja akisema, bila kupunguza sauti, "Amesahau? Mtu anasahauje neno lake mwenyewe?"

Swali lake ni la haki, na ni la zamani kama pasiwedi zenyewe. Pasiwedi za kompyuta zilianza mwaka 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, katika mfumo uliojengwa chini ya Fernando Corbató. Kompyuta ilikuwa moja na watu wengi, kila mtu na mafaili yake na muda wake. Wakampa kila mmoja neno la siri. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa utafiti, Allan Scherr, aliyeona muda aliogawiwa haumtoshi, aliiomba kompyuta imchapie faili lenye pasiwedi zote. Ikamchapia. Yaani tangu mwanzo kulikuwa na mambo mawili tofauti: neno lililo kichwani mwa mtu, na mahali neno hilo linapotunzwa ndani ya mashine. Anayelisahau neno wakati mwingine anaweza kwenda kuangalia mahali linapotunzwa.

Lahajedwali, kama Kiswahili sanifu kinavyoliita jedwali la kompyuta linalojihesabu, lilikuja baadaye. VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston ilitoka mwaka 1979, Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985 kwa Macintosh, kisha mwaka 1987 kwa Windows. Vyote vilitengenezwa viwe daftari la mhasibu, na mhasibu alitaka karani ajaze namba bila kugusa fomula. Kwa hiyo wakaweka ulinzi wa laha. Ulinzi huo haukukusudiwa kumzuia mwizi. Microsoft wenyewe wanaandika katika maelezo yao kwamba si kinga ya usalama, kazi yake ni kuzuia watu wasibadilishe visanduku vilivyofungwa. Ni kama uzi unaofungwa mlangoni kuonyesha kwamba mwenyewe hayupo.

Usiku ule nilisoma kwenye simu jinsi uzi wenyewe ulivyosukwa, nikacheka peke yangu. Katika matoleo ya Excel ya zamani, hadi lile la 2010, neno lako halitunzwi. Liwe fupi au refu, linasagwa mpaka liwe namba moja ndogo, na namba zinazowezekana ni 32,768 tu. Maneno ya dunia hayana idadi, namba ni hizo chache, kwa hiyo maneno mengi mno huangukia namba moja. Hutafuti neno lako. Unatafuta neno lolote linaloangukia namba ileile. Kati ya mwaka 2002 na 2003 Norman Harker na JE McGimpsey walisambaza programu fupi, iliyojengwa juu ya wazo lililotajwa kuwa la Bob McCormick, inayofanya kazi hiyo. Inachukua herufi kumi na moja, kila moja A au B, inaongeza mwishoni alama moja kati ya 95 za kibodi, na kujaribu zote. Jumla ni majaribio 194,560, kazi ya dakika chache kwa kompyuta ya mitumba. Mwishoni inakupa neno kama kilio cha mtoto, herufi A na B tupu na alama mkiani, nalo linafungua. Kufuli yangu ingefunguka kwa ufunguo ambao sikuuchonga kamwe.

Lakini faili letu lilikuwa na njia fupi zaidi, na njia hiyo nayo ina historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 namna Excel ilivyoandika mafaili yake ilikuwa mali ya kampuni. Serikali zikaanza kuuliza: nyaraka za umma zikitunzwa katika umbo ambalo kampuni moja tu inalielewa, nani mwenye nyaraka hizo? Jimbo la Massachusetts liliuliza hivyo mwaka 2005. Kwetu swali lilijibiwa kwa namna nyingine. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zisizo na malipo zilizozungumza Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2006 muundo mpya wa Microsoft ukaidhinishwa kuwa kiwango cha wazi, na Excel ya 2007 ikaanza kuutumia. Kila faili lenye mkia wa xlsx ni mfuko wa zip, aina ileile ya mfuko aliyoibuni Phil Katz mwaka 1989, na herufi mbili za kwanza za faili hadi leo ni herufi za jina lake, PK. Ndani ya mfuko mna karatasi za maandishi ya kawaida. Katika mojawapo, mstari mmoja unasema laha hii imelindwa. Ukiufuta mstari huo, hailindwi tena.

Hii ni kwa ulinzi wa laha tu. Kama ningeweka pasiwedi ya kufungulia faili zima, mambo yangekuwa mengine. Tangu 2007 faili la namna hiyo linasimbwa kweli, na katika Excel ya 2007 kila jaribio la pasiwedi linasagwa mara 50,000 kabla ya kujibiwa. Hakuna mstari wa kufuta. Ungebaki kukisia hadi uzee, na mama mdogo angebaki mwizi.

*

Sikuligusa faili usiku ule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia bila haki katika mfumo wa kompyuta, na kila aliyesoma chuo miaka yangu aliisikia ikitajwa kwa hofu. Lakini siyo sheria iliyonizuia. Nilifikiri: nikifungua peke yangu chumbani, kisha nitoke na jibu linalomsafisha mama yangu mdogo, nani ataniamini?

Asubuhi nilimwomba mwenyekiti awaite wenye funguo watatu. Walikuja. Niliwaomba wakae pande zangu mbili, na mmoja wao, msichana aliyemaliza kidato cha nne, awe anasoma kwa sauti kila ninachokiona. Nilinakili faili kwanza ili la asili libaki kama lilivyo. Nakala nikaibadilisha jina, mkia wa xlsx ukawa zip. Alama yake kwenye kioo ikabadilika ikawa mfuko. Nikaufungua. Mlikuwa na makabati, ndani ya kabati moja laha yetu. Nikaifungua kama barua.

Na ilikuwa barua kweli. Namba zote zilikuwa wazi. Kabla sijafuta chochote, fomula nilizozificha kwa miaka sita zilikuwa zimeandikwa pale, mtu yeyote angeweza kuzisoma. Yule msichana akasoma ya jumla ya hisa: jumlisha kuanzia D5 hadi D29.

"Endelea," nilisema.

"Imeishia hapo."

Mistari ishirini na tano, kutoka wa 5 hadi wa 29. Mistari mitano niliyoiburuta baadaye ilikuwa chini yake, nje ya jumla. Kwa miaka mitano haikuwa na mtu, kwa hiyo haikuwa na kosa. Januari 2019 waliingia wanachama wawili wapya, wakaandikwa mstari wa 30 na wa 31. Waliweka kwa bidii, hisa 200 kila mmoja. Kompyuta iliwapigia mgao wao vizuri kabisa, ila haikuwahesabu.

Niliandika kwa chaki kwenye mlango wa katibu, kwa sababu nilihitaji kitu ambacho watu wote wanakiona. Hisa za watu ishirini na tano: 3,600. Hisa za watu wote: 4,000. Kompyuta iligawa 10,800,000 kwa 3,600, ikapata 3,000 kwa hisa. Ilitakiwa igawe kwa 4,000, ipate 2,700. Kila mtu alizidishiwa shilingi 300 kwa kila hisa. Zidisha 300 kwa 3,600, unapata 1,080,000. Na haki ya wale wawili, hisa 400 kwa 2,700, ni 1,080,000. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Jumla ya mgao chini ya karatasi nayo iliishia mstari wa 29, ndiyo maana ililingana na sanduku. Makosa mawili yalishikana mikono, yakaonekana ukweli mmoja.

Nikafuta ule mstari, nikaufunga mfuko, nikarudisha mkia wa xlsx. Laha ikafunguka bila kuuliza neno. Nikabadilisha 29 kuwa 34 mahali palipohitajika, karatasi ikaandika 2,700.

Wale watatu walikaa kimya. Kisha mmoja wao, mama mzee ambaye ni mwanachama namba tatu tangu kikundi kilipoanza, alisema: "Zamani tulikuwa tunataja kwa mdomo, na mtu mpya alitajwa na wote. Siku mlipoleta karatasi tukanyamaza."

*

Mkutano ulirudiwa alasiri, chini ya mwembe uleule. Mwenyekiti alieleza, yule msichana akasoma, mimi nikasimama nikasema kosa ni langu. Nilisema nitalipa wale wawili mimi mwenyewe, kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Mwenyekiti alinikatalia mbele ya watu. "Ukilipa wewe itaonekana fedha ilipotea," alisema. "Haikupotea. Wanayo walionayo." Kwa hiyo kila mtu alipangiwa kurudisha 300 kwa hisa. Mama mdogo, aliyekuwa na hisa 150, alitoa 45,000 palepale, akaziweka juu ya meza. Wengine wakafuata. Wengine fedha zilikuwa zimekwenda kwenye ada na bati, wakaahidi. Mpaka Machi wale wawili walikuwa wamelipwa zote.

Baada ya mkutano watu walikuja kumpa mama mdogo mkono, baadhi wakalia. Aliitikia wote kwa upole. Jioni alilitoa sanduku chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akajitwisha kichwani hadi kwa mwenyekiti na kulikabidhi. Nilimfuata nyuma. Nilimwambia kwamba ameshasafishwa, kila mtu anajua. "Najua wanajua," alisema. "Lakini jana usiku walikuwa uani kwa katibu, nami nilikuwa ndani nawasikia." Bado ni mwanachama hadi leo. Sanduku hakulishika tena.

Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile, na wafanyakazi wenzangu mjini, namna ya kufungua faili la Excel lililosahauliwa pasiwedi. Kila ofisi ina moja: aliyelitengeneza amehama, amestaafu au amefariki, na bajeti ya mwaka huu imo ndani. Ninawaonyesha, baada ya kuhakikisha ni lao. Ninawaambia pia waanze kwa kunakili, na wawe wawili au watatu mbele ya kioo. Mara nyingi wanaliona hilo la ziada. Wanachotaka ni kufunguliwa tu.

Faili la Fukayosi bado linatumika. Bado limelindwa, kwa sababu vidole huteleza, ila ulinzi hauna pasiwedi: unabonyeza, linafunguka. Fomula zimechapwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya jalada la daftari, zimeelezwa kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Yule msichana ndiye anayezijua kuliko mimi sasa. Vitabu vya mihuri vimerudi, na mwisho wa mkutano mwenyekiti anauliza sanduku lina ngapi.

Mwaka jana nilihudhuria mkutano mmoja. Walipoulizwa walijibu kwa pamoja, na mama mdogo, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na shina la mwembe, alijibu kwa sauti kuliko wote.